Uliza Ujibiwe: Kumpeleka mgonjwa India, maswali yenu na majibu ya Shangazi

Wasomaji wangu hamjambo. Barua za safari hii nyingi zinauliza India, na sio India ya kwenda kuona Taj Mahal, ni ile ya kupeleka mgonjwa. Nimeamua kuziweka pamoja zote, maswali nimeyafupisha, majina nimeyatoa. Nitangulize neno moja: karibu kila barua inauliza daktari bingwa ni nani na hospitali ipi nzuri, ila wachache sana wanauliza habari za yule ndugu anayeenda kumuuguza mgonjwa kule, na mimi naona safari nyingi zinasimama au zinaanguka kwa huyo. Mtaniona narudia rudia hilo, mnivumilie.

Shikamoo shangazi. Baba ana valvu ya moyo mbovu, ukoo umekaa kikao wamesema tuchange aende India. Sasa hela kidogo ipo ila hatujui tunaanzia wapi. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu, poleni sana na mzee. Mnaanzia hapahapa nyumbani. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili ipo tangu 2015 na upasuaji wa kufungua moyo wanafanya, valvu wanabadilisha. Muhimbili wenyewe walianza kupandikiza figo Novemba 2017, Benjamin Mkapa Dodoma wakafuata 2018, saratani kuna Ocean Road. Sisemi India msiende, nasema msichange milioni na mamilioni kabla bingwa wa hapa hajamwona mzee na kuwaambia kwa maandishi kwamba kinachotakiwa hapa hakipo, au foleni yake ni ndefu kuliko afya ya mgonjwa.

Mkishaambiwa nendeni, kusanyeni ripoti zote: echo, yaani kipimo cha picha ya moyo, CT skani, MRI kwenye sidii na sio karatasi ya maelezo peke yake, majibu ya damu, orodha ya dawa anazokunywa na dozi zake. Kama ni saratani ombeni hospitali iwape slaidi na bloku za ile nyama iliyokatwa kwa ajili ya kupima, maana madaktari wa kule watataka kuisoma upya wenyewe, na ukifika bila hiyo mgonjwa anaweza kukatwa nyama mara ya pili bure. Piga picha vyote, tuma kwa barua pepe kwenye idara ya wagonjwa wa kimataifa ya hospitali, hospitali kubwa zote za kule zinayo idara hiyo. Tuma kwa hospitali mbili tatu, usitume moja. Watakujibu mpango wa matibabu, siku za kukaa na makadirio ya gharama.

Hapo kwenye makadirio ndo msome kwa makini. Wanaita pakeji. Uliza ndani ya pakeji kuna nini: siku ngapi za ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, siku ngapi za wodi, valvu yenyewe imo au inauzwa pembeni, damu imo, dawa zimo, na mgonjwa akizidisha siku inakuwa shilingi ngapi kwa siku. Waandike, wasiseme kwa simu. Na wale mawakala wanaowapigia simu wakisema wao wanashughulikia kila kitu bure, jueni wengi wanalipwa kamisheni na hospitali. Wapo wanaosaidia kweli, lakini mtu anayelipwa na hospitali moja hawezi kukulinganishia hospitali tatu, kwaiyo kulinganisha fanyeni wenyewe.

Kuna jamaa kaniambia niombe tu viza ya utalii ni rahisi na haina maswali, nikifika natibiwa kama kawaida. Kweli? (Msomaji, Kahama)

Usimsikilize. Iko viza ya matibabu ya mtandaoni, inaitwa e-Medical, inatoa siku 60 kuanzia unapoingia na unaweza kuingia mara tatu. Ndani ya hiyo viza moja ya mgonjwa wanaruhusiwa wasindikizaji wawili, nao wanaomba ya kwao ya msindikizaji, sio ya utalii. Kinachotakiwa ni pasipoti iliyobakiza angalau miezi 6 na kurasa mbili tupu, picha yenye nyuma nyeupe, na barua ya hospitali ya India yenye nembo yao inayotaja jina la mgonjwa. Angalia majina kwenye barua na kwenye pasipoti yafanane herufi kwa herufi, hili jambo dogo linasumbua watu wetu sana sababu cheti kina majina matatu, pasipoti mawili, kadi ya hospitali lingine kabisa.

Tovuti ya kuombea ni ya serikali ya India na mwisho wake ni .gov.in, yaani indianvisaonline.gov.in. Ukitafuta kwa haraka kwenye intaneti zinatangulia tovuti za watu binafsi zilizotengenezwa zifanane na ile, zinachukua hela kubwa juu ya ada. Omba mapema, usisubiri zibaki siku nne. Ukipata kibali kichapishe uwe nacho mkononi, alama za vidole na muhuri unapata uwanja wa ndege wa kule.

Siku 60 zikikaribia kuisha na matibabu bado, hospitali inaandika barua na mnaomba kuongezewa kwenye ofisi ya wageni inayoitwa FRRO, maombi yanafanyika mtandaoni. Msingoje ziishe. Kukaa India viza imekwisha ni faini na ni usumbufu wa kuzuiwa kutoka, huku mgonjwa kachoka anataka kwao.

Shangazi, mama anataka aende na mdogo wetu wa mwisho sababu ndo anamdekeza. Huyo mdogo hajawahi kutoka nje ya Tanga, Kiingereza cha kubabaisha, na akiona damu anazimia. Mimi nipo kazini likizo sina. Tufanyeje? (Msomaji, Tanga)

Barua hii nimeisoma mara nyingi kuliko zote, na naijibu kwa urefu.

Mwanangu, kumdekeza mama ni kazi nzuri lakini kule kuna kazi zingine na ndo nyingi. Anayeuguza India ndo anayesaini fomu ya kukubali upasuaji. Ndo anayeitwa saa 8 usiku kwamba presha imeshuka tunataka kufanya hiki na hiki, ukubali. Ndo anayepanga foleni ya kulipia vipimo, anayeshuka famasi na karatasi ya dawa, anayekaa nje ya ICU maana ndani wanaingiza mtu kwa dakika chache kwa saa zilizopangwa, anayepigiwa simu na ukoo mzima kila mtu anataka kusimuliwa upya. Usiku anarudi chumbani peke yake, anajipikia au analala na njaa. Hospitali nyingi zinatoa pasi ya mtu mmoja tu wa kulala na mgonjwa, kwaiyo hata mkienda wawili mnapokezana.

Kwaiyo huyo mtu awe na sifa hizi: anaweza kusoma na kuuliza kwa Kiingereza cha kueleweka, anaijua historia ya ugonjwa, ana mamlaka kutoka kwa familia ya kuamua bila kupiga simu kwa wajomba saba, anaweza kushika hela na kuandika kila senti, na mwenyewe ni mzima. Sifa hii ya mwisho watu wanaisahau, unakuta mtu mwenye sukari na presha anapelekwa kumuuguza mwingine, huyo muuguzaji anaumia huko huko, mnakuwa na wagonjwa wawili na bajeti ya mmoja.

Kwa hali yenu, viza inaruhusu wasindikizaji wawili, mpelekeni mdogo kwa ajili ya moyo wa mama na mtafuteni mwingine wa shughuli, shangazi yenu, mke wa kaka, binamu aliyesoma, yeyote mwenye akili iliyotulia. Kama hela inatosha mmoja tu basi aende wa shughuli, na mama aelezwe taratibu na mtu anayemheshimu, asiambiwe uwanja wa ndege. Kuhusu lugha, hospitali kadhaa za Chennai na Delhi zimezoea wagonjwa wa Afrika Mashariki na zina wakalimani wa Kiswahili, uliza kabla ya kufika. Ila mkalimani hakai na wewe usiku.

Alafu kabla hawajaondoka kaeni kikao kingine, kifupi, cha maamuzi magumu. Nani anaamua kama daktari akisema tuendelee au tusiendelee? Hela ikiisha katikati nani anaanza kuchangisha? Nani peke yake atakuwa anapokea taarifa kutoka kule na kuwasambazia wengine kwenye grupu? Hilo la mwisho litamwokoa muuguzaji wenu, mana kumsimulia kila shangazi na kila mjomba kwa zamu kunammaliza kuliko kukesha.

Hela tubebe vipi, dola taslimu au tutume benki? Na rupia tununue Dar? (Msomaji, Zanzibar)

Rupia usinunue huku. Sheria yao hairuhusu mgeni kuingia na rupia, na noti za zamani ndo balaa zaidi: noti za 500 na 1000 za zamani zilifutwa Novemba 2016, na ile ya 2000 wakatangaza kuitoa Mei 2023. Mtu akikuuzia kitita cha rupia alizoleta nazo zamani, kaa mbali.

Hela kubwa ya hospitali tumeni kwa benki moja kwa moja kwenye akaunti yenye jina la hospitali. Mtu akikutumia namba ya akaunti yenye jina la mtu binafsi, hata awe mkarimu vipi, kataa. Hospitali itataka dipoziti kabla ya kulaza, na mkibakiza chenji inarudishwa, kwaiyo risiti zote zitunzwe kwenye bahasha moja. Dola za mkononi za kula na kulala sawa, ila ukibeba noti zinazozidi dola 5,000, au jumla na hundi ikazidi 10,000, unajaza fomu ya tamko la fedha pale forodha ukiingia. Hailipiwi. Usipojaza, siku ya kutoka na hela iliyobaki utaulizwa imetoka wapi.

Kadi ya benki iwe imefunguliwa kwa matumizi ya nje, na laini yako ya nyumbani ibaki hewani ili ujumbe wa benki wenye namba za siri za mara moja uingie. Kule kila kibanda cha chai kina karatasi ya kuskani kwa simu lakini mfumo ule wengi wetu hatuna akaunti yake, kwaiyo tembea na noti ndogo ndogo.

Chanjo ya homa ya manjano ni lazima au ni longolongo za kiwanjani? (Msomaji, Bukoba)

Sio longolongo. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote wao wanazihesabu kwenye nchi za homa ya manjano, na wewe wa Tanzania hakikisha na ubalozi wa India kabla ya safari. Kadi iwe na angalau siku 10 tangu uchomwe kabla ya kufika, ukiingia bila hiyo wana haki ya kukuweka karantini hadi siku 6. Ukishachomwa mara moja inatosha maisha. Kinachotaka umakini ni mgonjwa mwenye kinga dhaifu, wa dawa za saratani kwa mfano, au mzee sana: chanjo hii ni ya virusi hai, aongee na daktari wake kwanza. Ikionekana haimfai aandikiwe cheti cha msamaha, na muulize ubalozi wa India kabla hamjakata tiketi. Kadi ya kununua bila kuchomwa sindano usithubutu.

Binti yangu, mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu, nampeleka mke wangu. Tumepewa majibu na hospitali ya Chennai na ya Delhi, bei zinakaribiana. Twende wapi, na tutakula nini? (Msomaji, Moshi)

Shikamoo mzee wangu, na Mungu ampe mama nafuu.

Bei zikikaribiana tazama hali ya hewa na kifua cha mgonjwa. Delhi kuanzia mwishoni mwa Oktoba mpaka Januari hewa ni chafu sana, na Desemba na Januari kuna baridi kali na ukungu unaochelewesha ndege, mgonjwa wa mapafu au moyo simshauri miezi hiyo. Chennai haina baridi, ila Mei kuna joto la kuunguza na mvua yao kubwa ni Oktoba mpaka Desemba, barabara zinajaa maji. Kwa watu wa pwani Chennai inafanana na nyumbani, kwa nyie wa Moshi joto litawachosha. Chennai wanaongea Kitamil, sio Kihindi, lakini hospitalini Kiingereza kinatosha.

Malazi yatafuteni jirani na hospitali, kwa mguu. Kwa Apollo ya Greams Road pale Chennai, ile iliyofunguliwa 1983, mitaa ya jirani imejaa nyumba za wageni zenye jiko, zinapangishwa kwa siku au kwa mwezi. Ulizeni kwanza kama wanapokea wageni wa nje, mana mwenye nyumba analazimika kuwaripoti kwa serikali ndani ya saa 24 kwa fomu inayoitwa Form C, na nyumba za bei chee nyingi hazitaki hiyo kazi. Mkikataliwa mlangoni msidhani ni dharau kila mara. Msikubali pia kukaa mahali ambapo hawajaza hiyo fomu, mtaihitaji mkiongeza viza.

Chakula mzee wangu msijali. Wali upo, chapati zipo, dengu, samaki, ndizi, nazi kwa wingi. Kantini za hospitali nyingi ni za mboga tupu, mtazame kwenye pakiti nukta ya kijani maana yake hakina nyama. Nyama ya ng'ombe Delhi msiiulize kabisa. Kwa wasomaji Waislamu, halali ipo kwa wingi Triplicane kwa Chennai, na Nizamuddin kwa Delhi. Ugali: kaskazini kuna unga wa mahindi wa njano unaitwa makki, na kote utapata suji, yaani ngano ya punje punje, watu wetu wanasonga huo na unakubali. Maji ni ya chupa iliyofungwa tu, hata ya kupigia mswaki.

Usafiri ni bajaji, kwao ndo zilikotoka. Kubalianeni bei kabla ya kupanda, au tumieni Uber na Ola kwenye simu ili bei ionekane. Laini ya simu chukueni uwanja wa ndege kwenye vibanda vya Airtel au Jio, mnahitaji pasipoti na viza. Na mbebe adapta, soketi zao ni za pini tatu za duara, za kwetu za mraba haziingii. Saa zao ziko mbele kwa saa mbili na nusu.

Nahitaji figo. Binamu yangu kajitolea kwa moyo safi. Tunaweza kwenda naye? (Msomaji, Mwanza)

Ndugu yangu, huyo binamu ni mtu wa pekee, ila msikilize sheria kabla ya tiketi. Sheria ya India ya kupandikiza viungo ni ya 1994, ikarekebishwa 2011, na inamhesabu ndugu wa karibu kuwa mume au mke, mzazi, mtoto, ndugu wa kuzaliwa, babu, bibi au mjukuu. Binamu hayumo. Haimaanishi imefungwa kabisa, ila inabidi ipite kwenye kamati ya idhini, itawahoji mmoja mmoja na itachunguza kama kuna hela imepita katikati. Inaweza kukataa mkiwa mmeshafika. Muulizeni kwanza kaka au dada wa tumbo moja.

Yeyote atakayekwenda, fanyeni vipimo vya damu na kulingana hapa hapa. Bebeni vyeti vya kuzaliwa vya RITA, wale wa serikali wa kuandikisha vizazi na vifo, cheti cha ndoa kama ni mke, picha za familia za miaka mbalimbali, na ulizeni hospitali barua ya ubalozi wetu New Delhi ya kuthibitisha undugu inaandaliwaje. Kununua figo kule ni jela, kwa muuzaji, mnunuzi na dalali. Mtu akikwambia "utapata mtoaji hukohuko" katisha mazungumzo. Na wewe pia ujue Muhimbili na Benjamin Mkapa wanafanya.

Nimemsindikiza mume wangu kutibiwa mgongo na mimi ni mjamzito. Nikapime ultrasaundi huko nijue ni wa kike au wa kiume? (Msomaji, Mombasa)

Kupima afya ya mtoto pima, jinsia usiulize kabisa mamangu. Tangu 1994 wana sheria inayokataza kumwambia mzazi jinsia kabla hajazaliwa, daktari akikwambia anafungwa. Utaona bango ukutani. Subiri urudi Mombasa.

Samahani shangazi kwa swali hili. Mgonjwa akifariki huko inakuwaje? (Msomaji, hakutaja alipo)

Usiombe samahani, kila anayeuguza analo moyoni na hana wa kumuuliza. Hospitali inatoa cheti cha kifo na cheti cha kuuhifadhi mwili kwa dawa. Ubalozi wetu New Delhi unataarifiwa mapema, unatoa barua na kuifuta pasipoti ya marehemu. Polisi au FRRO wanatoa barua ya kutokuwa na pingamizi. Hapo ndo ndege inapokea. Zipo kampuni zinazofanya haya yote na hospitali inazijua, mwombe ofisa wa idara ya wagonjwa wa kimataifa akuunganishe, usihangaike peke yako. Bili ya hospitali inadaiwa palepale, kwaiyo yule mmoja wa familia aliyepangwa kupokea taarifa aambiwe mara moja. Wengine wanaamua kuzika kule, Waislamu hasa, na hilo linawezekana pia. Liongeleeni kabla ya safari, kwa sauti ya chini, mgonjwa akiwa hayupo au mwenyewe akitaka awepo.

Tumeruhusiwa wodini, tunarudi wiki ijayo. Tusisahau nini? (Msomaji, yupo Chennai sasa hivi)

Hongereni! Siku ya kutoka hospitali jipangeni kusubiri, kufunga bili kunachukua masaa. Chukueni muhtasari wa matibabu uliosainiwa, sidii za vipimo, bili iliyochambuliwa, na kadi ya kifaa kama amewekewa valvu au chuma mwilini, hiyo kadi atatembea nayo maisha. Daktari aandike dawa kwa jina la kitaalamu na sio la kampuni pekee, mpige picha mtume kwa mfamasia wenu wa nyumbani aseme zipi zinapatikana. Zisizopatikana nunueni huko za miezi kadhaa, na maduka ya serikali yanayoitwa Jan Aushadhi yana bei ya chini sana ukiwa na cheti cha daktari. Zisafiri kwenye begi la mkononi pamoja na cheti hicho, dawa kali za maumivu hasa.

Ombeni daktari aandike kwamba mgonjwa anafaa kuruka, na kama anahitaji kiti cha magurudumu au oksijeni shirika la ndege liambiwe sasa, siku kadhaa kabla, lina fomu yake ya daktari kujaza. Pawabenki ikae begi la mkononi. Na siku yenyewe mwenyeji anayewasindikiza atabaki nje, askari wa mlangoni wanaruhusu wenye tiketi na pasipoti tu, kwaiyo mizigo na mgonjwa mvigawane mapema nani anashika nini. Ombeni kiti cha magurudumu hapohapo mlangoni, wanakileta.